Nilivyomwongoza Ketsia Mlimani Nikiwa Seven Hills

Alhamisi, 21 Agosti 2025

Mjukuu wangu Ketsia amepiga simu kutoka mlimani. Jumamosi atashindana kwa mara ya mwisho. Miaka kumi na tano ya kuteleza kwenye theluji, bingwa wa Australia mara nne, magoti yote mawili yamepasuliwa. Na yote yalianza na safari ya shule kutoka hapa Toongabbie, kwa glavu za kuazima! Ameniomba jambo moja tu: Babu, safari hii usieleze. Tazama tu, mpaka mwisho. Nimeapa.

Ieleweke kwamba nilifundisha jiografia kule nyumbani Uvira miaka thelathini na miwili. Theluji ni somo langu.

Ijumaa, 22 Agosti

Kanisa letu litaonyesha mbio kwenye ukumbi wake wa Seven Hills, mtaa wa jirani. Mtangazaji: Mzee Kinuthia! Aliwahi kuona theluji ya Mlima Kenya kwa mbali, akiwa ndani ya basi. Basi amekuwa profesa.

Nikaenda kwa Mama Thacienne, mwenye funguo za ukumbi. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba kipaza sauti ni haki ya ndugu wa damu. Akaniuliza, je, Baba, si ulituambia umeapa kunyamaza? Nikamjibu kwamba niliapa kwa Ketsia, na Ketsia hatakuwepo. Nimekipata! Kinuthia amepewa kazi ya kugawa sambusa.

Jumamosi, 23 Agosti

Raundi ya kwanza: Ketsia anaongoza! Vigelegele. Kisha ikatokea orodha ya raundi ya pili. Ketsia wa thelathini. Wa mwisho kabisa!

Dhuluma. Nikawaeleza: sisi tuliopita kambi za wakimbizi tunaijua foleni. Aliyekuwa mbele akijikuta nyuma, kuna mkono wa mtu. Wote wakanielewa mara moja. Nikawatoa hadi kwenye maegesho ya magari tuombee haki. Ombi langu lilikuwa na utangulizi na sehemu nne.

Katika sehemu ya tatu Kinuthia, aliyebaki ukumbini, akatoka mbio, mdomo umejaa sambusa. Ketsia ameshinda! Mara ya tano! Kisha akaeleza, yeye, kwamba raundi ya pili hupangwa kinyume: anayeongoza hushuka mwisho. Akasema, Mwalimu, umetuletea mkesha wa kumwombea mshindi apunguziwe ushindi. Walicheka mpaka wakashika magari.

Simu ikalia. Ketsia. Babu, uliniona pale chini nilipoyumba, goti likakaribia kuniangusha? Nikasema nilikuona.

Sikumwona.

Jumapili, 24 Agosti

Ibada ya shukrani. Ketsia amefunga kitenge juu ya jaketi, medali shingoni. Nimesimama kando yake, kifua mbele, Kinuthia safu ya sita.

Baada ya ibada akanivuta pembeni. Kinuthia alikuwa ameshamwambia yote! Hakunigombeza. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba bado nafasi ya kutimiza kiapo ipo. Akaniwekea simu mkononi: video ya mteremko wote, sekunde sitini na tatu. Kimya, Babu.

Nikatazama. Mtoto wetu anapita kati ya vijiti kama maji! Sekunde kumi nzima sikusema neno. Ndipo nikaona theluji ya upande wa kivuli ina rangi tofauti, jambo ambalo lina sababu zake mbili. Nikainua kidole, nikamgeukia, nikaanza na ya kwanza.

Niliporudi kwenye simu alikuwa ameshafika chini, mikono juu.

Bingwa mara tano! Na sababu ya pili bado sijamweleza.