Kajaga Mpaka Mlangoni kwa Mzee Khaled

Jumatano, 5 Novemba
Mzee Khaled amekataa. Eti binti yake Soumaya haolewi kwetu Kajaga, kutoka huko kando ya ziwa mpaka kwake Bwiza mjini ni kusimama mstari wa basi nusu siku. Kweli mafuta hakuna, mabasi ni machache. Lakini nikamjibu kwa heshima zote: baba, ziwani hakuna mstari! Moubarak alikuwepo, anakula mandazi ya watu. Yeye ni dereva wa basi, na yeye pia anamtaka Soumaya. Akacheka. Mzee akaamua: tushindane, Kajaga mpaka mlangoni kwake, mimi kwa boti, yeye kwa basi. Wa kwanza kufika alete posa. Siku nichague mimi.

Alhamisi
Nimechagua Jumamosi. Kichwa hiki, jamani! Jumamosi asubuhi kila mtu yuko kwenye kazi za jamii, magari hayatembei mpaka saa nne na nusu. Sisi tunaondoka saa mbili. Moubarak kakubali bila kufikiri. Masikini.

Ijumaa
Namegabe mvuvi atanivusha. Mwezi ni mkubwa, ndagala, dagaa wetu, hawafuati taa, boti yake imelala tu. Ameniambia nivae nguo za kazi. Za kazi, kwa mkwe? Nimepiga pasi kanzu nyeupe.

Jumamosi
Saa mbili kamili. Nikampungia mkono Moubarak, kashika fagio kando ya basi lake. Ziwa shwari. Nusu saa tu, tumefika mjini! Nikaruka mchangani. Hatua tatu.

Ufuo mzima watu na majembe, wanazibua mtaro. Namegabe aliwaona, akageuza boti bila kuaga. Mkuu wa mtaa akauliza kwa nini mimi sifanyi kazi. Nikamweleza habari ya posa. Akanipa hongera, halafu jembe.

Saa nne na nusu wakatuachilia. Nikakaza mwendo kuelekea Bwiza, kanzu rangi ya matope. Honi nyuma yangu. Moubarak! Akasimama, akanikaribisha ndani. Nikapiga hesabu haraka: tukifika pamoja, hakuna mshindi. Nikapanda. Abiria wakafungua madirisha yote.

Basi likasimama kwa Mzee Khaled. Dereva ana mlango wake mbele. Mimi nilikuwa nyuma ya mama mmoja mwenye gunia la mihogo. Nikiwa bado nalivuka lile gunia, Moubarak alishapiga hodi.

Jumapili
Moubarak kaleta posa. Soumaya kamkataa mbele ya wajomba wote. Alhamdulillahi! Kisha akanifuata nje, akasema taratibu:

“Massoudi, mi sijakukataa we. Nimekataa Kajaga. Chumba cha jirani kiko wazi. Hamia hapa, baba atakubali.”

Machozi yalinilengalenga, siyafichi. Maneno yake nimeyafikiria njia nzima, yaani saa mbili kwenye mstari wa basi na moja ndani yake. Ananipenda! Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba Kajaga ni karibu.

Kesho asubuhi kwa Namegabe, tuifungie boti yake moteri kubwa zaidi. Na Jumamosi ijayo nitashukia ufuo mwingine.