Turubai la Njano Kwenye Kona Yangu

Jumatatu, 15 Machi
Leo siku ya njano: Jumatatu ni rangi ya mfalme, na ya kundi letu. Nimevaa blauzi ya njano, nimewasha jiko, nimemimina rojo la mchele na tui kwenye chuma cha vitumbua. Miaka ishirini na sita nauza vitumbua mdomoni mwa kichochoro hiki. Kona yangu!

Nainua macho, naona wekundu, mahasimu wetu. Wamefunga turubai ng'ambo ya barabara, watu kama mia mbili. Aliyewaleta? Lamduan, muuza saladi ya papai. Jirani yangu, mzaliwa wa kaskazini-mashariki, na mdomo wote amekuja nao Bangkok. Ananipungia mkono! Shati jekundu kama pilipili zake.

Wanapayuka eti nchi ina vipimo viwili: wa njano wakikosa wanachekewa, wekundu wakikosa wanafungwa. Upuuzi. Sheria ni moja. Niliishia darasa la nne, lakini hilo nalijua.

Jumanne, 16 Machi
Wamekuja na nyayo za plastiki. Nyayo! Wanazigonganisha pa-pa-pa mbele ya watu wazima. Kwetu mtu haelekezewi mguu, ni tusi, hata ukiwa umeoshwa.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Thawon. Akasema, “Bibi Prayong, si nyinyi wa njano mwaka ule mliandamana mkipiga mikono ya plastiki miezi mitatu?” Nikamwambia mkono unasalimia, mguu unakanyaga. Akauliza, na uwanja wa ndege mlioufunga je? Nikamjibu tuliufunga kwa adabu. Tulifagia.

Akajifanya anakohoa. Nilimwona anacheka.

Jumatano, 17 Machi
Barua kwa ofisi ya wilaya. Nimeandika mwenyewe, ukurasa mzima, nimefuta mara tisa tu. Kila turubai lililofungwa kando ya njia kwa ajili ya maandamano liondolewe, bila kujali ni la nani. Hiyo “bila kujali ni la nani” nimeiweka makusudi. Inasikika kisomi.

Lamduan akavuka kuuliza naandika nini. Nikasema mapishi. Ameniletea saladi, pilipili moja tu, anajua tumbo langu. Nimekula. Papai halina chama.

Ijumaa, 19 Machi
Mgambo wa jiji wamefika! Sita, na lori. Nikawaonyesha ng'ambo kwa kidevu.

Mkubwa wao akawatazama wale mia mbili. Nyayo zikaanza pa-pa-pa. Akageuka huku. Mimi, chuma changu, turubai langu la njano. Ni lile la mwaka ule, ambalo chini yake tuliwapikia waandamanaji wetu. Mambo yalipoisha sikulifungua. Kivuli kizuri!

Akanisomea barua yangu mwenyewe! Nikamwambia hili si la maandamano tena, ni la vitumbua. Akasema imeandikwa bila kujali ni la nani. Wakalifungua, wakalitupa lorini. Eti kesho wakinikuta hapa, na chuma kinapanda lori, na kona ndiyo basi.

Mwaka ule mgambo haohao walitupigia saluti wakaenda zao. Ule ulikuwa uadilifu. Huu ni woga.

Jumamosi, 20 Machi
Nimekwenda kama kawaida. Nihame niende wapi? Jua la kuchemsha tui bila jiko.

Wakaja. Mmoja akashika chuma changu, mimi nikashika upande wa pili. Likanitoka, sijui limetoka wapi: “Vipimo viwili! Wale mnawaogopa, bibi kizee ndiye mnamwonea! Vipimo viwili!”

Halafu ng'ambo, pa-pa-pa! Nyayo zote, kwa ajili yangu. Lamduan akavuka barabara na mchi mkononi, mia mbili nyuma yake. Akamwambia mkubwa wa mgambo, “Kaka, hebu mguse huyu bibi nione.”

Kaka hakugusa. Aliamuru chuma kiachwe, turubai langu likashushwa lorini, wakalifunga wenyewe. Mafundo yao mazuri kuliko yangu.

Lamduan akanikumbatia. “Dada, leo umekuwa wetu!” Nikamwambia asinizoee. Nikampa vitumbua kumi, vya kuungua.

Jumapili, 21 Machi
Nimetafakari. Mgambo waliniogopa mimi. Sauti yangu tangu ujana inafika sokoni. Lamduan anatangaza kwamba ni wao walioniokoa. Mwache ajifurahishe.

Kona imesalimika. Sasa zamu ya nchi. Wale bado wameziba njia, wateja wangu wanazunguka. Nimeanza barua ya pili: maturubai yote mekundu kando ya njia yaondolewe. Safari hii rangi nimeitaja, mgambo wasichanganyikiwe tena. Sheria ni moja, ila inahitaji kuonyeshwa njia.

Wino ukaniishia katikati ya “mekundu”. Nikampigia Lamduan kelele avuke na kalamu yake. Amekuja mbio, mikono inanuka ndimu. Akauliza naandika nini.

Mapishi.