Mashtaka Dhidi ya Rangi ya Kahawia

Kwa Daktari Mkuu wa Maabara,

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Mimi ni karani wako wa majibu, yule anayekaa ubavuni mwa jokofu la sampuli, ambaye bado yuko katika miezi ya majaribio. Kwa heshima zote, naishtaki rangi ya kahawia.

Ni ile ya matone ya kingamwili, ambayo fundi wetu, Bi Matone, huyadondosha juu ya vipande vya titi. Seli za ukuta unaozunguka vijifereji vya maziwa zikiwepo, hugeuka kahawia, nasi tukajua: ukuta ukiwa mzima, uvimbe haujapenya kama saratani; ukiwa umetoweka, ni saratani.

1. Haina adabu. Wewe ukishatazama hadubini na kutia sahihi, yenyewe ndiyo kwanza inaanza kutoa maoni. Juzi ulitamka saratani mara tatu, nayo ikakataa mara mbili, mbele ya wanafunzi.

2. Ni mvivu. Wewe humaliza trei nzima chai haijapoa. Yenyewe huchukua siku mbili. Ndiyo maana, kwa agizo lako, mimi huchapa jibu mapema, na karatasi yenye majibu ya rangi huitia kwenye faili la "Nyongeza", ambalo limejaa na halijafunguliwa hata siku moja.

3. Inaharibu watumishi. Ulipomwambia Bi Matone, "Rangi ni ya mafundi wa kuta, mimi nina macho," aliitikia vizuri, kisha akaninong'oneza, "Mwanangu, seli hazijui cheo." Namtaja kwa uchungu, maana hunigawia maandazi yake.

4. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Rangi haina guu. Hapo ndipo ilipopata jeuri.

Kwa hiyo naomba chupa zake zifungiwe kabatini. Ikishindikana, kila tone lisomewe kwanza jibu lako, lijue la kusema, na titi litakalokaidi lipewe barua ya onyo.

Nisalimie wauguzi, mfagizi, na yule daktari wa kuhakiki majibu, siku atakapoajiriwa.

Mtiifu wako mwenye hofu,
Karani wa Majibu

Baada ya sahihi: Sampuli namba 47 ni ya dada yangu mkubwa, aliyenilea. Umeandika saratani, kesho asubuhi anakatwa titi. Rangi imeonyesha kila kijifereji kingali na ukuta wake wa seli, mzima, haukutobolewa popote. Karatasi hiyo sikuitia kwenye Nyongeza. Nimempelekea daktari wa upasuaji, mkononi, bila ruhusa yako. Guu langu liko tayari.