Mmetuacha Mlimani, Uingereza

Ushetu, Kahama
11 Novemba 1972

Ndugu Katibu wa Ushirika,

Salamu za ujenzi wa taifa, na pole na kazi ya kuhamisha watu.

Nakuandikia kwa niaba ya wakulima wa tumbaku wa kijiji chetu, ambao hivi sasa wamekwama kwenye mlima mmoja kaskazini mwa Uingereza. Mvua inanyesha, rejeta ya gari inachemka, na aliyetuacha hapo ni wewe.

Karani wetu wa mizani, Ndugu Donatus, alirudi kutoka kozi ya ushirika huko Uingereza mwezi wa Machi. Tukamwuliza habari za njiani, kama ilivyo desturi. Ndipo akaanza kutusimulia jinsi yeye na mwenzake Eustace walivyoazima gari kuukuu wakatoka London kwenda Uskoti. Alisimulia kila jioni baada ya kufunga mizani, na si mtu wa haraka. Peterborough peke yake tulikaa wiki mbili kwa sababu ya kanisa, maana sisi Wakatoliki hatukukubali kuondoka bila kujua nani kazikwa ndani. York tulifika wakati wa kuvuna mpunga. Mwezi uliopita, gari likiwa linapanda mlima wa mwisho kabla ya mpaka wa Uskoti, rejeta ikachemka. Donatus akatuaga, akasema tutaendelea kesho. Kesho yake ikaja barua yako ya kumhamishia Ushirombo.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Kwetu habari za njiani hazikatwi kabla ya "tukafika salama". Hata mlevi atokaye kilabuni huzifikisha.

2. Kazi zimezorota. Vitalu vya tumbaku vinakauka huku wanaume wakibishana kama rejeta ya moto yafaa kumwagiwa maji ya baridi. Mzee Bujiku, ambaye hajapanda hata baiskeli, aliitisha mkutano wa kumwondoa Eustace kwenye usukani. Hoja ilipita, kura thelathini na nane kwa nne.

3. Mwanakijiji mwenzetu Theopista alipeleka kuku parokiani kuomba misa. Padri akauliza marehemu ni nani. Alipoambiwa ni gari, alirudisha kuku.

4. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mama yangu mzazi, Limi, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Daktari wa misheni amempangia kupasuliwa Jumatatu ijayo, na baada ya hapo daktari anarudi kwao. Mama amekataa kwenda. Anasema hawezi kulala kwenye kitanda kikavu huku vijana wawili wa watu wako mvuani. Nimembembeleza, nimemlilia, wapi! Naogopa, Ndugu Katibu. Naogopa mama yangu atapofuka kwa ajili ya rejeta.

Kwa hiyo tunaomba Donatus arudishwe, hata kwa jioni moja. Ikishindikana, kijiji kizima kihamishiwe Ushirombo pamoja na mizani. Na hilo nalo likishindikana, tupe lori la tumbaku twende tukalisukume hilo gari wenyewe.

Wasalimie wote ofisini, mama watoto na watoto, na dereva wako pia, ambaye tunasikia yeye hufika.

Ni mimi, nikiwa bado mlimani,
Gelasius Mabula
Mwenyekiti wa Wasikilizaji

N.B. Wakati natafuta stempu, mama amechoka kungoja. Jana jioni aliketi pale alipokuwa akiketi Donatus, akaipoza rejeta, akaliwasha gari mwenyewe. Mama hajavuka Kahama tangu azaliwe, lakini anaendesha kuliko Eustace, na kila mji anasimama kusalimia. Mpaka tumeuvuka. Uskoti kuna ng'ombe wengi ajabu, na mama anawajua kwa majina. Kwa hiyo tafadhali Donatus abaki huko huko Ushirombo, asije akatuambia walifika wapi kweli. Hospitali mama amekubali kwenda Jumatatu, kwa sharti kwamba mtu asiguse usukani mpaka arudi. Gari tumeliegesha kando ya barabara, mawe chini ya magurudumu, tunamngoja.