Injini ya Baba Mkwe

Jumatatu, 14 Julai 2025
Balaa! Baba mkwe, Mzee Awadhi, anakuja Ijumaa baada ya swala kukagua injini yake ya boti. Tumeipandisha huku Kitangari kwa kuogopa wezi wa kule mto Ruvuma, na inalala sebuleni kwangu. Aliniagiza kila mwezi nifungue propela, nitoe nyuzi za nyavu, nipake grisi, nitazame oili ya gia. Tangu Ramadhani sijaigusa. Akiridhika, naendesha boti msimu mzima. Asiporidhika, inakwenda kwa mwanyumba wangu Sharifu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Sharifu! Mtu wa kuosha baiskeli kila siku, hata ikiwa safi.

Jumanne, 15 Julai
Nati ya propela imegoma. (Sijaijaribu sana.) Nimepaka propela rangi ya fedha iliyobaki tulipopaka geti. Inameta! Mke wangu Mwanasha kauliza zile nyuzi zinazochungulia nyuma yake ni za nini. Nimemwambia imetoka nazo kiwandani. Alipogeuka nimezikata kwa wembe, zile zinazoonekana.

Jumatano, 16 Julai
Sharifu kaja eti kusalimia. Kachutama mbele ya injini, kainusa. Kasema uzi ukijiviringisha kwenye shafti hukata sili, ule mpira wa kuzuia maji, maji huingia, oili hugeuka nyeupe. Nimemcheka. Alipoondoka nikafungua skrubu ya chini ya oili. Imetoka chai ya maziwa. Nimemwaga yote, nimeweka oili mpya. Nani atajua?

Alhamisi, 17 Julai
Lazima niijaribu. Injini hii hupozwa na maji, kwa hiyo huwashwa ikiwa imesimama ndani ya pipa lililojaa. Pipa zima, Kitangari, mwezi wa saba! Mwanasha kapanga foleni kisimani tangu alfajiri. Kasema injini ikiona kiu niipeleke mtoni.
Nimeifunga kwenye kisiki cha mkorosho, nikaiwasha kavu. Imenguruma vizuri mno! Majirani wamekuja kutazama. Nikaiacha iendelee, Sharifu asikie kwake. Ikatoa moshi. Ikakohoa. Kimya. Sasa kamba ya kuwashia haivutiki hata kidogo. Nina homa.

Ijumaa, 18 Julai
Nimempa Baba shikamoo mara mbili. Kaitikia zote. Alikuja na kopo la grisi, spana na sili mpya kwenye mfuko wa plastiki. Kavuta kamba. Kagusa rangi, ikamganda kidoleni. Nikaeleza kuwa labda ni joto la huku juu. Hakugomba. Afadhali angegomba.
"Mwanangu," alisema, "ungeniambia tu hujaifungua. Nilikuja tuifungue wote."
Nilitamani ardhi inimeze. Baba kamwita Sharifu, naye kaifunga injini kwenye keria ya baiskeli na kuondoka nayo, akiwa mpole kabisa. Upole ule umeniuma kuliko yote.

Jumamosi, 19 Julai
Baba mkwe kanihurumia. Kaniachia mashine yake ya kupulizia salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho, niponye msimu. Kaniagiza niifungue kila nikitoka shambani, nisafishe chujio, la sivyo vumbi litaua injini. Nimeitikia kwa adabu zote.
Jioni Mwanasha kauliza nitaifungua lini. Nimemwambia asinitie wasiwasi, mashine inawaka, ya nini kuifungua? Nimeifuta kwa kanga yake mpya. Kwa nje haina hata doa.