Mama Sabini na Mbili, Mimi Sabini na Moja

Jumatatu, 8 Septemba

Keinan amepata simu mpya. Amepita nayo mbele ya mlango wangu mara tatu, akiongea kwa sauti, na nina hakika upande wa pili hakukuwa na mtu. Ni zile fedha za wazee zinazotoka kwa watu wa ustawi wa jamii. Jirani huyu ana miaka sabini tu. Na mimi je? Garissa nzima inaniita Mzee Ogle tangu nilipoota kitambi. Hata chifu huniita mzee. Msaada unaitwa wa wazee. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Jumanne, 9 Septemba

Nimejiandikisha. Bi Leyla, afisa wa ustawi, aliniuliza umri, maana msaada huanzia miaka sabini. Nikasema sabini na moja, ili nimzidi Keinan. Akatazama kitambulisho: hamsini na minane. Nikamweleza kwamba karani wa zamani alikadiria tu. Nusu yetu huku tumezaliwa tarehe mosi Januari. Hilo hakuweza kulikana. Akanifafanulia sera. Kuna huduma za kila mtu, kama chanjo, na kuna za walengwa, wenye shida kuliko wengine, na hao huthibitishwa na majirani kwenye baraza la chifu. Niliitikia kwa busara. Jioni nikazipaka majivu ndevu zangu za hina, zipate mvi.

Jumatano, 10 Septemba

Balaa. Kumbe Mama naye alijiandikisha mwaka jana. Alikuwa amebakiza baraza tu. Kitambulisho chake kinasema sabini na mbili. Bi Leyla amekuja nyumbani kuuliza, kwa upole sana, kama Mama alinizaa akiwa na mwaka mmoja. Mpaka ukweli ujulikane, majina yote mawili yamewekwa kando, na orodha inafungwa kesho barazani.

Mama hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniuma. Amengoja mwaka mzima apate kujinunulia sukari ya chai bila kuniomba, maana akiniomba huwa nasema kesho. Nimeamua kunyamaza. Labda Bi Leyla atasahau.

Alhamisi, 11 Septemba

Hakusahau. Barazani joto lilikuwa kali. Majivu yakateremka na jasho mpaka kwenye shati, ndevu zikarudi nyekundu mbele ya watu wote. Keinan akakohoa kwa furaha.

Chifu akamuuliza Mama umri wangu. Nilijua ataniumbua. Akasimama polepole, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: “Kama kijana yangu nasema ni sabini na moja, basi ni sabini na moja. Mimi futa tu.”

Miguu yangu ikasimama bila kunishauri. Nikasema nina hamsini na minane, kitambulisho kiko sawa, Mama ndiye mlengwa na mimi ni mwongo. Wakacheka. Keinan akaangusha bakora yake. Bi Leyla akaandika kila neno kwenye kumbukumbu za baraza, na jina la Mama likapita.

Njiani nilimwambia Mama kwamba nampenda. Akaniambia nikanawe uso.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemnunulia Mama sukari kilo mbili, bila kuombwa. Nimemwapia kwamba sitajiongezea umri tena, hata siku moja. Akaniombea dua ndefu. Nilijisikia mtu mpya.

Wakati wa kurudi dukani kuchukua chenji, nikaona tangazo ukutani. Mfuko wa vijana. Mwisho miaka thelathini na mitano. Nikasimama hapo kitambo. Mama aliniita kijana mbele ya chifu. Hakuna aliyepinga. Neno lenyewe liko kwenye kumbukumbu za baraza, kwa mwandiko wa Bi Leyla. Na kiapo changu kilihusu kuongeza, si kupunguza.

Nimepiga hesabu mara mbili. Mama sabini na mbili, mimi thelathini na mitano: alinizaa akiwa na thelathini na saba. Safari hii hesabu inakubali kabisa. Kinyozi anafungua saa mbili asubuhi. Ndevu zinaondoka zote.