Vile Nilinguruma ku Kilio ya Papa Kalaba

Lundi, 3 mars

Leo asubui pasteur Chadrack alikuya, akakaa, akakatala chai. Pasteur mwenye kukatala chai iko na habari mbaya. Alisema asema dimanche, siku ya kusali, mukubwa wetu wa mission anatoka Ndola kuangalia kazi yetu. Tangu tulifika hapa Lubumbashi, mi na bibi yangu wa ndoa Perpétue, ata famille moja ya avenue yetu haijaingia mu kanisa. Kama dimanche bado hakuna, anatuhamisha Lukafu. Mu pori. Kusaidia kanisa ya kule na kulima.

Mi, Vital! Muzaliwa wa Kambove, nilikomalia Ndola, chauffeur wa camion, mwenye kupita ku forodha ya Kasumbalesa mupaka douanier anasimama anipatie kiti yake. Njo mi niliambia bakubwa ba Ndola asema mutume mi, Lubumbashi ni kwetu, mwezi mbili tu mabenchi itakosekana. Sasa mabenchi iko. Bantu njo banakosekana.

Perpétue alisema Lukafu ni fasi muzuri, udongo iko nyeusi. Bibi yangu akisikia udongo, roho yake inatulia. Mi kule nitaambia nani histoire yangu? Mahindi?

Hapana. Niko na plan.

Mardi, 4 mars

Plan ya leo: kukaa pembeni ya Mama Olive, muuzaji wa makala ku coin ya avenue. Courant ya umeme ilikatika, kila muntu anapita kwake kununua makala. Akili hiyo.

Nilibapigia histoire ya simba ya Kasumbalesa. Vile bacamion ilipanga file ndefu, moja nyuma ya ingine, simba ikapanda mu cabine yangu, ikakaa pa kiti ya convoyeur, musaidizi wangu, juu na yeye alichoka kungojea. Bantu balicheka. Mama moja aliangusha makala yake. Nikaona sasa njo saa, nikabaambia bakuye kanisa dimanche. Palepale kila muntu alikumbuka kama iko na maharagi ku moto.

Mama Olive alisema: papa Vital, simba yako nilimuona muzuri, mupaka meno. Lakini Mungu wako sikumuona. Alikuwa mu camion ya ngapi?

Nilinunua makala.

Ku nyumba nilikuta bamama ba avenue banakaa na Perpétue pa mukeka, banamenya viazi. Banasema pole pole, yeye anasikiliza. Nikaingia kumusaidia na histoire ya simba. Balirudi kwabo. Perpétue aliniangalia vile banaangalia bukari ya unga yenye kuungua ku moto.

Mercredi, 5 mars

Papa Kalaba, mwenye alikuya kutunzwa kwa dada yake ngambo ya barabara, alikufa. Muzee sana, mu usingizi yake. Mungu amupokee. Bâche, ile hema ya bafiwa, inafunga avenue yote, bantu ni bengi kushinda ku soko. Bale bote sikubaita, bo benyewe balikuya mbele ya mulango yangu!

Nikauliza marehemu iko wa ukoo gani. Bakasema bena Mbushi. Bambuzi. Na mi ni mwina Ngo, chui, kama papa yangu. Chui na mbuzi ni banungwe, banataniana tangu babu na babu. Ku kilio munungwe halie. Anakuya kutukana maiti, kuchekesha bafiwa, juu huzuni isibaue. Sasa ku Lubumbashi muzima nani anajua kutukana kama mi? Nitachekesha ile bâche, na dimanche bote bananifuata kanisani kama kuku nyuma ya mahindi.

Perpétue iko kule tangu asubui, anapika na bamama. Alirudi kuchukua sufuria, akataka kuniambia kintu juu ya Mama Christiane, dada ya marehemu, njo mukubwa wa ile famille, na juu ya marehemu mama yangu. Nikamwambia angojee, niko mu répétition, ninajizoeza kunguruma. Alingojea. Niliendelea kunguruma. Akaenda na sufuria yake.

Jeudi, 6 mars

Ninaandika na kichwa ya kunyolewa.

Niliingia ku kilio ninatambaa na mikono na magoti, nilivaa kikwembe ya Perpétue, ile kitenge ya madoadoa. Nikanguruma. Nikafika pa sanduku ya maiti, nikasema: we mbuzi muzee, nyama yako ilikuwa ngumu, njo maana kifo kilikutafuna miaka yote hii bila kukumeza.

Hakuna mwenye alicheka. Nikafikiri bale ba nyuma hawasikie. Nikanguruma tena.

Mama Christiane akasimama, machozi mu macho, akafungua mikono. Akasema: mutoto wa dada yetu, tulikuwa tunakungojea tulie pamoja, na weye unakuya unatambaa, ndevu chini, kama chui?

Kumbe Perpétue alishabaelezea mu jikoni. Mama yangu, Mungu amurehemu, alikuwa mwina Mbushi wa Kambove. Na ukoo inatoka ku tumbo ya mama, haitoke kwa papa. Ata mutoto anajua. Na mi ninajua. Ni vile tu tangu ujana, muntu akiniuliza, chui inaruka mu kinywa yangu yenyewe. Chauffeur gani ataandika MBUZI mbele ya camion yake?

Basi nilitukana muyomba yangu mwenyewe, ndugu ya mama yangu ku ukoo, mbele ya sanduku yake, na kikwembe ya bibi.

Muzee mumoja alisema banifukuze. Mama Christiane akakatala. Akasema wetu hatumufukuze. Mbuzi yenye kusahau kwao, banaifunga kamba inarudi. Bakaninyoa, bakanikalisha pa mukeka ya bafiwa.

Halafu banungwe ba kweli bakafika. Mbele yabo nani? Mama Olive wa makala! Mwina Ngo ku mama yake, safi kabisa. Alikuwa na kamba na fungu ya matembele. Akanifunga ku kiuno, akanipitisha bâche yote, anauliza bantu kama banaona hii mbuzi yenye kuvaa ngozi ya bibi yake. Kisha akanilisha jani moja moja. Ata Mama Christiane, mwenye alikuwa hajaonyesha meno tangu kifo, alicheka mupaka akakaa chini.

Matembele mbichi haiko mubaya. Inakosa tu chumvi.

Samedi, 8 mars

Jana tulizika. Leo famille ilikaa kutafuta muntu wa kupyana, ni kusema wa kuchukua jina ya Papa Kalaba, juu nyumba yake isipoe. Banaume bengine ba ukoo bado badogo. Macho yote ikakuya kwangu.

Pasteur Chadrack, mwenye alikaa pembeni yangu, alikohoa kunionya. Mama Christiane akaanza kuelezea muntu wa kupyana anakuwa na kazi gani. Ni mama wa maneno mingi. Mi nikaona tu: jina, kiti, famille muzima nyuma yangu, na kesho ni dimanche. Nikasimama, nikasema ninakubali yote. Akauliza kama sitaki kusikia mwisho. Nikasema muntu wa camion anaanza safari, mwisho anaikuta ku njia.

Bakanivalisha ushanga ku mukono, bakaninywesha maji. Perpétue aliangalia chini, mabega yake inatetemeka. Nikafikiri ni huzuni.

Dimanche, 9 mars

Kanisa ilijaa! Bena Mbushi bote balikuya, na bitambaa yabo ya kilio. Mama Olive pia alikuya, asema chui haiache mbuzi kutembea peke yake. Mukubwa wetu wa Ndola alishika mukono yangu mbele ya bantu bote, akasema kazi kama hii hajaona. Nikaona Lukafu inapotea kama vumbi nyuma ya camion.

Halafu Mama Christiane akaomba neno. Akashukuru kanisa yetu, juu inabapatia ndugu yabo akakalie nyumba ya Papa Kalaba, alime shamba yake, achunge bajane ba ukoo. Mukubwa akauliza hiyo nyumba iko wapi.

Iko Lukafu.

Mukubwa akafunga macho. Akasema: muone, tulikuwa tunatafuta mulango, Mungu alishaifungua na ufunguo iko mu mukono ya Papa Vital. Bantu bote bakasema amina. Perpétue njo alisema ya nguvu. Ku nyumba nikakuta alishafunga mbegu mu kitambaa. Tangu samedi.

Mercredi, 12 mars

Niko mu camion ya Lukafu, mbele, pa kiti ya muzuri. Mvua, matope. Tulifika fasi njia inagawanyika. Chauffeur, kijana moja Ariel, aliuliza kama ninajua hii njia. Sijaipitaka ata siku moja. Nikamwambia ku hii njia mi njo nilifundishaka bengine: ku kushoto.

Sasa tumekwama mu mashamba ya muhogo. Perpétue alishuka, anauliza njia kwa mama mumoja mwenye kubeba kuni. Mama anaonyesha nyuma, kulekule tulitokea. Nikamwambia Ariel asisikie bantu ba huku, hawajue kwabo. Aende tu mbele.